Vinundu kwenye ini la aliyepandikizwa figo: picha inaweza kusema nini, na inaishia wapi

Msomaji mmoja ameuliza hivi: mdogo wake alipandikizwa figo miaka saba iliyopita, na figo hiyo bado inafanya kazi ingawa si kwa kiwango cha mwanzo. Miezi ya karibuni alianza kuchoka na kupungua uzito. Altrasaundi ya tumbo ilionyesha vinundu vinne kwenye ini, kikubwa kikiwa na upana wa sentimita 3, na majibu ya CT iliyofuata, yaani picha za eksirei za vipande vya mwili, yakasema kwamba huenda ni limfoma, saratani ya seli za limfu, lakini kwamba uwezekano wa saratani iliyosambaa kutoka sehemu nyingine, au wa majipu ya fangasi, haukuweza kuondolewa. Sasa madaktari wanataka afanyiwe PET-CT, picha inayoonyesha tishu zinazotumia glukosi nyingi, na kisha achukuliwe kipande cha ini kwa sindano. Msomaji anataka kujua kwa nini mashine hizo zote zishindwe kutoa jibu moja, kama dawa ya kontrasti, ile inayochomwa ili viungo vionekane vizuri kwenye picha, itaiumiza figo aliyopandikizwa, na kama sindano inaweza kusambaza ugonjwa.

Ndugu msomaji, majibu yale ya CT hayakuandikwa kwa uzembe wala kwa woga. Kwa mtu anayetumia dawa za kushusha kinga ya mwili, kinundu kwenye ini kinaweza kuwa na asili nyingi zinazofanana mno kwa sura, na mtaalamu wa radiolojia ambaye angetaja jina moja tu kwa uhakika akitegemea picha peke yake ndiye ambaye ningemtilia shaka. Picha huibua shaka mapema, huonyesha ugonjwa umefika wapi, huelekeza sindano mahali panapofaa na, baadaye, hupima kama tiba inafaulu. Kuutaja ugonjwa kwa jina ni kazi ya darubini.

Limfoma inayotokea baada ya upandikizaji ni sehemu ya kundi la magonjwa ambalo hospitali nyingi huliandika kwa kifupi PTLD, yaani kuzaliana kupita kiasi kwa seli za limfu kwa mtu aliyepandikizwa kiungo. Chanzo chake kinaeleweka vizuri kuliko cha saratani nyingi. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wana virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964, ambavyo baada ya maambukizi ya kwanza hubaki mwilini maisha yote vikiwa vimejificha ndani ya seli B, aina ya seli nyeupe za kinga. Seli T, aina nyingine ya seli za kinga, ndizo zinazovidhibiti visizichochee seli B kuzaliana ovyo. Dawa kama takrolimasi, siklosporini na mikofenoleti, ambazo huuzuia mwili usikikatae kiungo kipya, hudhoofisha seli T hizohizo, na hapo mlango hufunguka. Ndiyo maana hatari huongezeka kadiri kinga inavyoshushwa zaidi: kwa watu wazima waliopandikizwa figo, ugonjwa huu huwapata karibu 1 hadi 2 kati ya 100, ilhali kwa waliopandikizwa utumbo idadi inaweza kukaribia 20 kati ya 100. Watoto wamo hatarini zaidi kuliko watu wazima, kwa kuwa wengi wao hupandikizwa kabla hawajawahi kukutana na virusi hivyo, kisha huvipata kwa mara ya kwanza, mara nyingi kutoka kwenye kiungo chenyewe, wakati kinga yao imeshushwa.

Muda uliopita tangu upandikizaji una maana kubwa katika kuzisoma picha. Ugonjwa huu una vipindi viwili vya kujitokeza: mwaka wa kwanza, ambapo karibu kila mara virusi vya Epstein-Barr hupatikana ndani ya uvimbe, na kipindi cha baadaye, miaka mitano, kumi au zaidi, ambapo sehemu kubwa ya limfoma hazina virusi hivyo kabisa na hufanana zaidi na limfoma za kawaida za seli B zenye kasi. Mdogo wako, akiwa katika mwaka wa saba, yumo katika kipindi hicho cha pili. Kwa sababu hiyo, ikiwa amepimwa damu na kuambiwa kwamba kiwango cha virusi ni kidogo au hakionekani, jibu hilo halimwondolei shaka ya limfoma. Kinyume chake nacho ni kweli: wapo waliopandikizwa ambao damu yao ina virusi vingi kwa muda mrefu bila kuwa na uvimbe wowote.

Watu wengi wanapolisikia neno limfoma hutegemea kuona mitoki iliyovimba shingoni au kwapani. Baada ya upandikizaji mambo huwa tofauti, kwa sababu ugonjwa hupenda kukaa nje ya mitoki, na miongoni mwa viungo vya tumbo ini ni mojawapo ya vinavyoshambuliwa mara nyingi zaidi. Utumbo nao hushambuliwa sana, pia mapafu, ubongo na kiungo chenyewe kilichopandikizwa.

Ndani ya ini ugonjwa huchukua sura kadhaa. Inayoonekana zaidi ni ya vinundu vyenye mipaka, kimoja au vingi, ambavyo kwa kawaida huwa na upana wa sentimita 1 hadi 4. Maelezo uliyoyatoa yanaingia hapa. Sura ya pili ni ya kusambaa bila mipaka, ambapo eneo zima la ini hubadilika rangi kwenye picha kama doa la maji lililoenea kwenye kitambaa, au ini lote huvimba bila kinundu hata kimoja cha kunyooshea kidole. Sura hiyo ndiyo inayotupotosha zaidi, kwa kuwa CT inaweza kuonyesha ini kubwa tu, na vipimo vya damu vikafanana na vya homa ya ini au vya kukataliwa kwa kiungo. Ya tatu ni uvimbe unaoota kwenye lango la ini, pale mishipa mikubwa ya damu inapoingia na mirija ya nyongo inapotokea. Hii huonekana hasa kwa waliopandikizwa ini lenyewe. Uvimbe huizunguka mishipa, huubana mshipa wa lango na mrija wa nyongo, na mgonjwa huja akiwa na macho ya manjano, jambo ambalo kwa haraka mtu angelidhania kuwa ni kovu la upasuaji lililoubana mrija.

Tukirudi kwenye mashine, altrasaundi ndiyo huanza kwa sababu haina mionzi, haihitaji kontrasti na inaweza kurudiwa mara nyingi. Kinundu cha limfoma huonekana cheusi kuliko ini linalokizunguka, kwa sababu seli zake zimepangana kwa ukaribu na kwa usawa kiasi kwamba mawimbi ya sauti hayapati pa kugonga na kurudi. Wakati mwingine weusi huo huwa mkubwa hadi kinundu kinadhaniwa kuwa ni mfuko wa maji. Kitu cha kutazama ni upande wa nyuma yake: mfuko wa maji huacha mwangaza nyuma yake, nacho kinundu cha seli kwa kawaida hakiachi mwangaza kama huo. Jambo lingine linaloibua shaka ya limfoma ni mishipa ya damu kupita katikati ya uvimbe ikiwa imenyooka, bila kusukumwa wala kubanwa, kwani seli za limfu hujipenyeza kati ya tishu badala ya kuzisukuma. Dalili hiyo ina thamani inapoonekana, lakini kutoonekana kwake hakuthibitishi chochote.

Kwenye CT yenye kontrasti, vinundu hivyo huwa vyeusi kidogo kuliko ini, kwa namna moja ndani yake, na hunyonya kontrasti kidogo sana. Mara chache huwa na ukingo mwembamba unaong'aa. Kama majibu ya mdogo wako yametaja vinundu vyenye weusi wa namna moja visivyonyonya kontrasti, hiyo ni sura inayopatana na limfoma, na ndiyo iliyomfanya mtaalamu aitaje kwanza. Faida kubwa ya CT, hata hivyo, iko nje ya ini. Nikipewa picha ya mgonjwa kama huyu, naliacha ini kwanza na kuutazama utumbo kipande kwa kipande: je, kuna mahali ukuta wake umenenepa huku njia ya ndani ikiwa imepanuka badala ya kuziba? Saratani nyingi za utumbo huziba njia, ilhali limfoma huweza kuipanua kwa sababu huharibu misuli na neva za ukuta. Sehemu kama hiyo inaweza kutoboka, hasa tiba inapoanza na uvimbe kuyeyuka kwa haraka, na daktari anapaswa kujua kuwa ipo kabla ya siku ya kwanza ya dawa. Kisha natazama figo iliyopandikizwa, mitoki ya nyuma ya tumbo, bandama, na zile figo mbili za zamani ambazo mara nyingi husahaulika zikiwa zimesinyaa mgongoni. Figo zilizokaa muda mrefu bila kufanya kazi huota mifuko ya maji na wakati mwingine saratani, na saratani hiyo inaweza kupeleka mbegu zake kwenye ini.

MRI, picha inayotumia sumaku, huongeza jambo moja ambalo CT haina, nalo ni kupima namna molekuli za maji zinavyotembea ndani ya tishu. Limfoma ina seli nyingi zilizobanana, hivyo maji hukwama, na kinundu hung'aa sana kwenye picha za aina hiyo huku kipimo chake cha mtawanyiko kikiwa chini. Kwenye picha za kawaida za MRI huonekana cheusi katika zile za aina ya T1 na cheupe kiasi katika zile za aina ya T2, wala hakiwi na weupe mkali kama wa mfuko wa maji au wa hemanjioma, ule uvimbe wa mishipa ya damu usio na madhara ambao watu wengi wenye afya nzuri wanao bila kujua. Hapa lazima niweke tahadhari: usaha nao ni mzito na hukwamisha maji, kwa hiyo jipu pia hung'aa. Tofauti iko kwenye mahali pa mng'ao. Katika jipu ni kiini chenye usaha kinachong'aa, kikizungukwa na ukuta unaonyonya kontrasti na ini lililovimba kwa uvimbe wa maji. Katika limfoma kinundu kizima hung'aa kwa namna karibu moja.

Hilo linatufikisha kwenye swali lako la kwanza, kuhusu magonjwa yaliyotajwa pamoja na limfoma. Majipu ya fangasi, hasa ya kandida, kwa kawaida huwa madogo sana, chini ya sentimita 1, huwa mengi, huingia pia kwenye bandama, na huwapata zaidi wagonjwa ambao seli zao nyeupe zimeshuka mno. Vinundu vinne, kimoja kikiwa na sentimita 3, havifuati sura hiyo, na kwa maoni yangu kandida ndiyo inayofaa kuwa ya mwisho katika orodha ile. Jipu la bakteria linawezekana zaidi. Kwa mtu mwenye kinga ya kawaida lingekuja na homa kali, ila kwa anayetumia prednisoloni, dawa ya steroidi inayoshusha kinga, homa inaweza kuwa ndogo au isiwepo kabisa, na hapo ndipo tofauti kati ya ugonjwa wa kuambukiza na saratani inapofifia. Kifua kikuu cha ini kisisahaulike: hutoa vinundu vinavyofanana kabisa na limfoma, humpunguza mtu uzito na kumtoa jasho usiku vilevile, na matibabu yake ni mengine kabisa.

Kuhusu saratani nyingine, kama mdogo wako aliwahi kuugua homa ya ini ya B au C, jambo ambalo si geni kwa waliokaa miaka mingi kwenye usafishaji damu, basi saratani ya ini yenyewe inapaswa kuulizwa. Hiyo ina tabia yake kwenye kontrasti: hung'aa kwa kasi wakati damu ya ateri inapofika, kisha hufifia kuliko ini dakika chache baadaye. Limfoma kwa kawaida haifanyi hivyo kwenye CT. Lakini kwenye altrasaundi ya kontrasti, ile inayotumia vipovu vidogo vya gesi, limfoma inaweza kung'aa mapema na kufifia haraka, ikamdanganya hata msomaji mzoefu wa picha. Saratani zilizosambaa kutoka utumbo mpana, mapafu au ngozi mara nyingi hutoa duara ndani ya duara, ukingo ukinyonya kontrasti na kiini kikiwa kimekufa. Ninasema mara nyingi kwa makusudi, kwa sababu limfoma kubwa nayo inaweza kufa katikati, hasa baada ya upandikizaji, ambapo seli hukua haraka kuliko damu inavyoweza kuzilisha. Sheria iliyozoeleka kwamba limfoma haiozi katikati kabla ya tiba haiwafai sana wagonjwa hawa.

Sasa PET-CT. Mgonjwa huchomwa glukosi iliyofungwa na florini 18, ambayo nguvu yake ya mionzi hupungua kwa nusu kila dakika 110, kisha baada ya saa moja hivi hupigwa picha ya mwili kuonyesha ni tishu zipi zinazoitumia glukosi hiyo kwa pupa. Limfoma zenye kasi, za aina inayotarajiwa kwa mtu wa mwaka wa saba, hung'aa sana. Kwa mdogo wako kipimo hiki kina kazi mbili zinazokihalalisha. Kwanza hufichua maeneo ambayo CT iliyaona kuwa ya kawaida, kama uboho wa mifupa, ukuta wa utumbo au mtoki ambao bado haujavimba. Pili humwonyesha daktari pa kuchoma sindano. Ikiwa kuna mtoki unaong'aa kwenye kinena au shingoni, kuutoa mzima kwa upasuaji mdogo hutoa jibu bora na kwa hatari ndogo kuliko kulichoma ini. Hii ndiyo sababu ya kuitanguliza PET kabla ya sindano, na naiona kuwa sahihi, mradi kungojea kwake kusiwe kwa wiki nyingi. Kama foleni ni ndefu na mgonjwa anazidi kudhoofika, sindano itangulie.

Kipimo hiki kina udhaifu wake. Jipu, kifua kikuu na fangasi vyote hung'aa, kwa kuwa seli za kinga zinazopambana navyo hula glukosi. Kwa hiyo PET inayong'aa haithibitishi saratani. Ini lenyewe hunyonya glukosi kiasi, na vinundu vidogo vya chini ya sentimita 1 vinaweza kuzama ndani ya mwangaza huo. Ubongo hula glukosi wakati wote, hivyo uvimbe wa ubongo unaweza kujificha. Mgonjwa mwenye maumivu mapya ya kichwa, degedege au mabadiliko ya tabia anahitaji MRI ya kichwa hata kama PET yake ni safi huko. Figo iliyopandikizwa nayo hung'aa kwa sababu dawa hutoka kwa mkojo, na uvimbe ulio ndani yake unaweza kupotea katika mng'ao huo.

Maandalizi yake ni ya muhimu kwa namna ambayo wagonjwa wengi hawaelezwi. Afunge kula kwa saa 4 hadi 6, anywe maji, asifanye kazi nzito siku iliyotangulia. Takrolimasi na prednisoloni huwasababishia wengi kisukari baada ya upandikizaji, na sukari ikizidi milimoli 11 kwa lita vituo vingi huahirisha kipimo, kwa sababu sukari ya damu hushindana na ile ya dawa. Ikiwa anatumia metformini, dawa ya kisukari, amuulize daktari wake kama anaweza kuisimamisha siku mbili kabla: dawa hiyo huufanya utumbo ung'ae wote, na utumbo ni mojawapo ya mahali tunapotaka kupaona vizuri. Dawa za kuzuia kukataliwa kwa figo zisisimamishwe kwa ajili ya picha.

Kuhusu kontrasti na figo, hofu yako ina msingi, ila imekuzwa na mazoea ya zamani. Kontrasti ya ayodini inayotumika kwenye CT ilikuwa ikilaumiwa kwa kila kupanda kwa kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi, baada ya picha. Leo inaeleweka kwamba sehemu kubwa ya lawama hiyo ilitokana na ugonjwa uliompeleka mgonjwa kupigwa picha. Hatari ya kweli ipo hasa pale uchujaji wa figo unapokuwa chini ya mililita 30 kwa dakika, au figo inapokuwa imepata madhara ya ghafla siku hizo. Kwa hiyo namba inayohitajika ni ya uchujaji wake wa sasa, si ya mwaka jana. Ikiwa iko juu ya 30 na anakunywa maji ya kutosha, CT yenye kontrasti kwa kawaida inakubalika. Ikiwa iko chini, daktari anaweza kumpa maji ya chumvi kwenye mshipa kabla na baada, au akachagua njia nyingine. Asimeze dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni siku hizo. Kwa mtu mwenye figo moja iliyopandikizwa hizo huniogopesha kuliko kontrasti.

Gadolini, ambayo ni kontrasti ya MRI, ina historia nyingine. Mwaka 2006 ilihusishwa na ugonjwa mzito wa kukakamaa kwa ngozi na tishu kwa watu ambao figo zao zilikuwa zimeshindwa kabisa. Ugonjwa huo ulitokana zaidi na aina za zamani ambazo molekuli zake hazikuifunga gadolini kwa uthabiti. Aina zenye umbo la pete zinazotumika sasa zina hatari ndogo sana, hata kwa wenye figo dhaifu. Na MRI bila kontrasti yoyote, kwa sababu ya ile picha ya mtawanyiko wa maji, bado inaweza kusema mengi kuhusu vinundu hivi. Vipovu vya altrasaundi havichujwi na figo hata kidogo, kwani gesi yake hutolewa kwa pumzi. PET-CT yenyewe mara nyingi hufanywa bila kontrasti ya ayodini.

Swali la sindano nitalijibu moja kwa moja. Hofu ya kusambaza saratani kwenye njia ya sindano ni ya haki kwa saratani ya ini yenyewe, ambapo daktari wa upasuaji anatumaini kuikata yote na hataki chembe ibaki njiani. Limfoma haitibiwi kwa kukatwa. Hutibiwa kwa dawa zinazofika mwili mzima, hivyo hofu hiyo haina uzito hapa. Hatari ya kweli ni kutokwa na damu, na damu nyingi ya kuhitaji matibabu hutokea kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Kwa mtu mwenye figo dhaifu, chembe za kugandisha damu zinaweza kuwa nyingi kwa hesabu lakini zikafanya kazi vibaya. Timu ijue hilo, na ijue pia kama anatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda.

Kinachopaswa kusisitizwa ni aina ya sindano. Kunyonya seli chache kwa sindano nyembamba hakutoshi kwa limfoma, kwa sababu mwanapatholojia anahitaji kuona namna seli zilivyopangana. Iombwe sindano ya kukata, yenye unene wa milimita 1 au zaidi kidogo, ichukuliwe zaidi ya mara moja, na iongozwe na altrasaundi kuelekea sehemu iliyo hai ya kinundu, pembeni mwa kiini kilichokufa. Kipande kimoja kipelekwe kuoteshwa bakteria, fangasi na kifua kikuu. Ni jambo dogo linalosahaulika, na likisahaulika mgonjwa hurudishwa mezani. Maabara ipime alama ya CD20, protini iliyo juu ya seli B, na itafute virusi vya Epstein-Barr ndani ya seli. Tena, ikiwa hali inaruhusu, asipewe dozi kubwa ya steroidi kabla ya sindano, kwa kuwa limfoma inaweza kusinyaa kwa muda na kipande kikasomwa kuwa hakina kitu.

Ikithibitika kuwa ni PTLD, hatua ya kwanza kwa wengi ni kupunguza dawa za kushusha kinga. Thomas Starzl na wenzake walionyesha mwaka 1984 kwamba baadhi ya limfoma hizi huyeyuka kwa hatua hiyo peke yake, jambo ambalo ni nadra sana katika elimu ya saratani. Limfoma za kipindi cha baadaye huitikia hivyo kwa uchache kuliko za mwaka wa kwanza, kwa hiyo mara nyingi rituksimabu, kingamwili inayoilenga CD20, huongezwa mapema. Hapo picha inarudi ikiwa na uzito mpya: katika mpango mmoja unaotumika sana, mgonjwa hupewa rituksimabu mara nne, moja kila wiki, kisha hupigwa picha, na jibu la picha hiyo ndilo linaloamua kama ataendelea na rituksimabu peke yake au ataongezewa dawa kali za kemikali.

Katika upimaji huo hutumika kipimo cha alama 1 hadi 5 kilichopewa jina la mji wa Deauville nchini Ufaransa, ambapo mng'ao wa uvimbe hulinganishwa na mng'ao wa damu ya kifuani na wa ini. Alama 1 hadi 3 kwa kawaida huhesabiwa kuwa ugonjwa umeitikia tiba kikamilifu. 4 na 5 ni zile zinazolizidi ini. Kwa mgonjwa ambaye ini lake ndilo linaloumwa, kipimo hiki kinataka uangalifu: rejeo lichukuliwe kwenye sehemu ya ini isiyo na ugonjwa, na kama ini lote lilikuwa limevamiwa, msomaji wa picha atumie rejeo jingine na aliandike wazi. Msishtuke pia ikiwa CT ya baadaye bado itaonyesha doa mahali palipokuwa na kinundu. Kovu linaweza kubaki kwa miezi mingi. PET ndiyo itakayosema kama kuna kitu hai ndani yake.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza. Mtu aliyepandikizwa figo lazima awe na picha za tumbo za zamani, za kabla ya upasuaji na za ufuatiliaji. Zitafuteni na kumpelekea mtaalamu wa radiolojia pamoja na tarehe ya upandikizaji, orodha ya dawa anazotumia na namba ya uchujaji wa figo. Kinundu kilichokuwepo miaka mitano nyuma kwa ukubwa uleule kwa kawaida hakihitaji sindano, na kisichokuwepo mwaka jana kinahitaji kushughulikiwa ndani ya siku, si miezi. Akipata macho ya manjano, maumivu makali ya tumbo ya ghafla, homa ya kutetemeka au mkojo kupungua kabla ya tarehe aliyopangiwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kungoja PET.